Breki ya ubongo: mwongozo wa kuisaidia GABA ikutulize wasiwasi, msongo na usiku usio na usingizi

Maswali ni yaleyale kila wiki. "Ninunue vidonge vya GABA vya miligramu ngapi?" "Kuna kipimo cha kujua kama GABA yangu imepungua?" "Mbona nalala vizuri saa nne, halafu ikifika saa tisa usiku usingizi unapaa?" "Nimekuwa nikimeza dawa ya kutuliza tangu mwaka jana, naweza kuiacha leo?" Nimeyajibu moja moja kwa muda mrefu. Mara nyingi anayeuliza ameshapoteza miezi na fedha kwenye kitu kisichomsaidia, na wachache wameshaacha dawa ghafla na kujitia hatarini. Kwa hiyo nayaweka yote hapa, hatua kwa hatua, ufuate.

Jambo la kushika kabla hujaendelea: ubongo wako unatengeneza GABA, kemikali inayozituliza seli zake, wenyewe, humohumo ndani, usiku na mchana. Wengi wetu breki tunazo, ila tumekanyaga mafuta kutwa nzima na tunashangaa gari halisimami saa ya kulala. Hatua zilizo hapa chini nyingi ni za kuondoa mguu kwenye mafuta.

Nadharia kidogo tu

GABA ni kifupi cha asidi ya gama-aminobutiriki. Mwaka 1950 Eugene Roberts na Jorge Awapara, kila mmoja katika maabara yake huko Marekani, waliripoti kwamba wameikuta ndani ya ubongo. Seli za ubongo huitengeneza kutokana na glutamati, kemikali yenye kazi ya kinyume: glutamati huamsha seli, GABA huzituliza. Kimeng'enya kinachogeuza glutamati kuwa GABA hakifanyi kazi bila vitamini B6, na hilo tutalirudia tukifika kwenye vidonge.

GABA ikigusa kipokezi chake kwenye seli jirani, mlango mdogo hufunguka na kloridi yenye chaji hasi huingia. Seli hiyo inakuwa nzito kutuma ujumbe. Hali hiyo ikitokea kwenye amigdala, sehemu ya ubongo inayopiga kengele za hofu, kengele hupungua sauti. Wakati wa kulala ukifika, kundi la seli zilizo kwenye haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, hutumia GABA hiyohiyo kuzima vituo vinavyokuweka macho, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayepita nyumbani akizima taa.

Kuhusu kipimo: hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha kiasi cha GABA kilichomo ubongoni. Watafiti hutumia mashine maalumu ya sumaku kukadiria kiasi hicho, kwa kazi ya utafiti. Ukiambiwa tone la damu au mkojo limeonyesha "upungufu wa GABA" na hapohapo unauziwa tiba, ondoka.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari na kalamu. Usiandike kwenye simu, kwa sababu simu ukiifungua saa nane usiku hutaandika tu ukaifunga.
- Saa ya kuamsha inayojitegemea, ili simu ilale chumba kingine au angalau mbali na mkono.
- Kiti au mkeka nje ya kitanda, mahali pa kukaa usingizi ukigoma.
- Orodha ya kila dawa unayotumia, pamoja na za kienyeji, za mafua na za kupunguza maumivu.
- Wiki nne. Ukizipa siku tatu hatua hizi hutaona kitu.

Usianze peke yako, mwone kwanza daktari, ikiwa una kifafa, una ujauzito, umewahi kuambiwa una ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, au unatumia dawa za usingizi au za kutuliza kila siku. Na ikiwa unakunywa pombe nyingi kila siku, usiikate ghafla. Soma sehemu ya dawa huko chini kwanza.

Hatua kwa hatua

1. Andika siku saba bila kubadilisha chochote.

Kila asubuhi andika mambo manne: saa uliyopanda kitandani, saa uliyoinuka, umelala kwa makadirio saa ngapi jumla, na wasiwasi wa jana yake kuanzia 0 hadi 10. Pembeni ongeza kahawa, chai, pombe na dawa, pamoja na saa ulizotumia.

Kijana mmoja alinionyesha daftari lake akisema yeye "halali kabisa". Tulipopiga hesabu, alikuwa anakaa kitandani saa 9 na kulala saa 5 na nusu. Maana yake ni asilimia 61 tu ya muda wa kitandani ndiyo iliyokuwa usingizi. Saa 3 na nusu zilizobaki alikuwa amelala chali akipambana na dari. Kitanda kilikuwa kimemfundisha kukesha, na hakuna kidonge ambacho kingemweleza hivyo. Piga hesabu hiyo na wewe: muda uliolala, gawanya kwa muda uliokaa kitandani, zidisha kwa 100. Utaihitaji kwenye hatua ya 8.

Kosa la kawaida hapa ni kuitazama saa usiku ili uandike kwa usahihi. Geuza saa iangalie ukuta. Makadirio ya asubuhi yanatosha.

2. Funga saa ya kuamka.

Chagua saa moja ya kuamka na uishike siku zote saba za wiki, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Ukishaamka, toka ukapate mwanga wa jua. Saa ya mwili hujipanga kwa mwanga wa asubuhi, na hamu ya usingizi huanza kujilimbikiza tangu dakika uliyoinuka. Wanaoanza hushughulika na saa ya kulala, wakajilazimisha kitandani saa tatu usiku. Usingizi hauji kwa kuitwa. Saa ya kuamka ndiyo unayoimudu.

3. Rudisha kahawa nyuma.

Kafeini haigusi GABA moja kwa moja. Inaziba vipokezi vya adenosini, kemikali inayokuletea uzito wa usingizi kadiri siku inavyosonga. Kwa mtu mzima wa kawaida, mwili huchukua kama saa 5 kuondoa nusu ya kafeini uliyokunywa, ingawa wapo wa saa 3 na wapo wa saa 7. Kikombe cha saa kumi alasiri kinakuwa bado kimebaki nusu saa tatu usiku, na robo saa nane usiku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwapa watu miligramu 400 za kafeini saa 6 kabla ya kulala, na usingizi wao ukapungua kwa zaidi ya saa moja. Wengi wao hata hawakuhisi kwamba wamelala kidogo.

Weka mpaka: hakuna kafeini baada ya saa sita mchana, kwa wiki zote nne. Kumbuka chai, soda za kola, vinywaji vya kuongeza nguvu na baadhi ya dawa za maumivu ya kichwa nazo zinayo. Kama unakunywa vikombe vingi, punguza kimoja kila siku mbili, vinginevyo kichwa kitakuuma na utadhani mpango huu ndio mbaya.

4. Acha kuitumia pombe kama dawa ya usingizi.

Pombe inaongeza nguvu ya GABA kwenye vipokezi vyake na inaibana glutamati, ndiyo maana inalegeza na kuleta usingizi wa haraka. Lakini mwili ukishaivunja, mambo yanageuka: glutamati inarudi kwa kishindo, na GABA imepoa. Hapo ndipo penye jibu la wengi wanaoniuliza kuhusu saa tisa usiku, kuamka na jasho na moyo unaokwenda mbio baada ya bia mbili za jioni. Ukiwa mtu wa kunywa mara mojamoja, iache kwa wiki hizi nne uone tofauti kwenye daftari. Ukiwa mnywaji wa kila siku, mikono ikitetemeka asubuhi kabla hujapata, hiyo ni kazi ya kusimamiwa na daktari. Kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege na kuua.

5. Uchoshe mwili mchana.

Dakika 30 za kutembea kwa kasi, siku nyingi za wiki, zinatosha kuanzia. Kama unapenda yoga, ifanye. Mwaka 2007 timu ya Chris Streeter ya Chuo Kikuu cha Boston ilipima ubongo wa watu waliozoea yoga kabla na baada ya kipindi cha dakika 60, ikaona GABA imepanda kwa asilimia 27, wakati waliokaa wakisoma hawakubadilika. Kundi lilikuwa dogo, waliofanya yoga walikuwa 8 tu, kwa hiyo usiichukue namba hiyo kama ahadi. Mimi naichukua kama sababu nzuri ya kutandika mkeka. Mazoezi mazito yamalizike saa 2 au 3 kabla ya kulala.

6. Upe wasiwasi kikao chake.

Jioni mapema, mbali na kitanda, kaa dakika 15 na daftari. Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika kinachokusumbua kwa maneno yake halisi: "kodi ya nyumba", "kikohozi cha mtoto", "nilimjibu bosi vibaya". Kulia andika hatua ndogo inayofuata na siku yake: "Jumatatu nitampigia mwenye nyumba". Kama hakuna hatua, andika "sina la kufanya kwa hili wiki hii". Funga daftari. Wasiwasi ukija usiku, uambie zamu yake ni kesho jioni.

Inaonekana ndogo. Lakini jambo lisiloandikwa ubongo hulishikilia kwa kulirudiarudia, na kurudiarudia ndiko kunakoziweka macho seli ambazo GABA inajaribu kuzizima.

7. Pumzi na misuli, mara mbili kwa siku.

Hapa ndipo nataka utumie muda wako mwingi, kwa sababu hii ndiyo hatua inayofanya kazi mchana kwenye wasiwasi na usiku kwenye usingizi, na ndiyo inayofanywa vibaya kuliko zote.

Anza na pumzi. Kaa, weka kiganja kimoja kifuani na kingine juu ya kitovu. Vuta hewa kwa pua ukihesabu moja hadi nne, kiganja cha tumboni ndicho kinachopaswa kuinuka. Toa hewa taratibu ukihesabu hadi sita, midomo ikiwa imefungwa kidogo kama unapoza chai ya moto. Hiyo ni sekunde 10, sawa na pumzi 6 kwa dakika. Fanya dakika 5. Siri iko kwenye kutoa hewa: wakati wa kutoa, moyo hupunguza mwendo, na neva ya vagasi, inayounganisha moyo na ubongo, inapeleka habari kichwani kwamba hakuna hatari. Usivute hewa nyingi. Wanaoanza hujaza mapafu hadi mabega yanapanda, kisha kichwa kinakuwa chepesi na vidole vinawasha. Ukiona hivyo, umevuta kupita kiasi. Vuta kidogo, toa polepole.

Baada ya pumzi, misuli. Njia hii ilianzishwa na daktari Mmarekani Edmund Jacobson karne iliyopita, na bado haijapitwa na wakati. Lala au kaa ukiegemea. Kunja ngumi ya mkono wa kulia kwa sekunde 5, usikaze hadi maumivu. Achia mara moja, kama uliyekatwa kamba, kisha kaa sekunde 20 ukisikiliza uzito unaoingia mkononi. Rudia mara moja tena. Nenda mkono wa kushoto, mabega (yapandishe hadi masikioni), uso, taya, tumbo, mapaja, mashavu ya miguu, nyayo. Kazi nzima, pumzi na misuli, huchukua kama dakika 15.

Usiruke taya. Mimi wasiwasi wangu niliugundua hapo. Nilikuwa nimekaa mezani nikiandika, kila kitu shwari kwa macho yangu, na nilipofika kwenye taya katika zoezi nikakuta meno ya juu na ya chini yamegandana tangu asubuhi, na ulimi umebanwa kwenye kaakaa. Nilipoachia, masikio yalilia kidogo na machozi yakanilengalenga. Mwili ulikuwa umesimama lindo siku nzima, nami sikuwa na habari. Tangu hapo kila nikimaliza ukurasa naangalia taya kwanza.

Fanya kipindi kimoja mchana, ukiwa mtulivu, na kingine saa moja kabla ya kulala. Kosa kubwa ni kusubiri hadi hofu ikushike ndipo ujaribu kwa mara ya kwanza. Zoezi hili hujifunzwa siku ya shwari ili likufae siku ya dhoruba.

8. Kitanda kiwe cha usingizi.

Panda kitandani pale tu usingizi unapokuja, macho yakiwa mazito. Ukikaa macho kwa kama dakika 20, kwa kukisia, inuka. Nenda kwenye kile kiti, taa hafifu, fanya jambo tulivu: kunja nguo, soma kitu kikavu, sali, rudia pumzi. Rudi usingizi ukirudi. Ukishindwa tena, inuka tena. Utaratibu huu uliwekwa na mwanasaikolojia Richard Bootzin mwaka 1972, na ni sehemu ya tiba ya kukosa usingizi ambayo mwaka 2016 chuo cha madaktari wa tiba ya ndani cha Marekani kilishauri itangulizwe kwa watu wazima kabla ya dawa.

Sehemu yake ya pili ni kubana muda wa kitandani. Chukua wastani wa usingizi uliopata kwenye hatua ya kwanza, ongeza nusu saa. Yule kijana wa saa 5 na nusu alipewa saa 6: anaamka saa kumi na mbili asubuhi, basi hapandi kitandani kabla ya saa sita usiku. Ukiona unalala angalau asilimia 85 ya muda huo kwa wiki moja, ongeza dakika 15 mwanzoni mwa usiku. Endelea hivyo hadi ufike kiasi kinachokutosha. Watu wazima wengi wanahitaji saa 7 au zaidi.

Onyo: wiki ya kwanza ya kubana muda utachoka sana. Usiendeshe gari ukisinzia, usipande ngazi za ujenzi, usishughulike na mashine. Usishuke chini ya saa 5 kitandani kwa vyovyote. Kama kazi yako ni ya usukani, au una kifafa au yale maradhi ya hisia niliyoyataja, achana na sehemu hii ya pili mpaka upate wa kukusimamia. Nusu ya kwanza ya hatua hii inaweza kukufaa, ukishamwona daktari kama una maradhi hayo.

Vidonge vya GABA na ndugu zake

Sasa lile swali la miligramu. Kati ya damu na ubongo kuna ukuta wa seli zilizobanana, unaochagua cha kupita. GABA inayomezwa hupita kwa shida sana, na ushahidi kwamba kidonge chake kinatuliza ubongo ni dhaifu. Wapo wanaosema kimewasaidia. Siwabishii wanachokihisi, ila fedha yako ya kwanza nisingeipeleka huko.

Vitamini B6 watu huikimbilia wakisikia kwamba inahitajika kutengeneza GABA. Ni kweli inahitajika. Dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi huingilia kazi ya vitamini hiyo, na mtu akimeza isoniazidi kupita kiasi anaweza kupata degedege kwa sababu GABA imekauka, na tiba yake ni B6 yenyewe. Wagonjwa wengi wa kifua kikuu hupewa B6 pamoja na dozi zao ili kulinda neva. Lakini asiye na upungufu haongezi utulivu kwa kumeza zaidi, na dozi kubwa za muda mrefu huharibu neva, miguu ikaanza kufa ganzi. Mtu anaweza kuchoma neva zake akidhani anazilisha.

Kava, mmea wa visiwa vya Pasifiki, unahusishwa na madhara ya ini. Sikushauri. Na gabapentini, dawa ambayo jina lake linawachanganya wengi, haifanyi kazi kwenye vipokezi vya GABA. Inashika njia za kalsiamu kwenye neva. Usimwombe rafiki akugawie zake.

Kama tayari unatumia dawa za kutuliza

Dawa nyingi za kutuliza ni za jamii iitwayo benzodiazepini. Ya kwanza iliingia sokoni mwaka 1960, ikafuatiwa na diazepamu mwaka 1963, zote kutoka kwenye kazi ya mkemia Leo Sternbach. Hazifungui ule mlango wa kloridi zenyewe. Huifanya GABA iliyopo iufungue mara nyingi zaidi. Ndiyo maana zinafanya kazi haraka, na kwa mtu mwenye degedege kali zinaokoa maisha. Tatizo ni kwamba vipokezi huzoea. Ndani ya wiki chache dozi ileile inaanza kuwa ndogo, na kwa sababu hiyo miongozo mingi huzitaka zitumike kwa muda mfupi, wiki 2 hadi 4. Dawa za usingizi kama zolpidemu zinapita kwenye kipokezi hichohicho.

Mambo matatu nakuomba uyashike. Usiache ghafla kama umezitumia kila siku kwa wiki kadhaa: wasiwasi hurudi mara mbili, usingizi hukata kabisa, na degedege linaweza kutokea. Dozi hupunguzwa kidogokidogo, kwa wiki au miezi, na anayeipanga ni daktari. Usichanganye na pombe, wala na dawa kali za maumivu za jamii ya morfini, maana zote hukandamiza upumuaji, na watu wamelala bila kuamka. Na ukizimeza usiku, asubuhi inayofuata usishike usukani hadi uwe na hakika kwamba kichwa ni chepesi.

Ukishamwona daktari, hatua 1 hadi 7 unaweza kuzifanya ukiwa bado kwenye dawa. Tena ndizo zitakazokurahisishia kupunguza dozi wakati ukifika.

Mambo yakigoma

*"Nikianza pumzi ndefu, wasiwasi unazidi."* Hutokea, hasa kwa waliowahi kupata shambulio la hofu, kwa sababu kusikiliza pumzi kunawakumbusha siku ile. Fumbua macho. Anza na misuli peke yake kwa wiki moja, kisha ongeza kutoa hewa polepole bila kuhesabu.

*"Nalala vizuri siku mbili, ya tatu naharibikiwa."* Ndivyo inavyokwenda. Angalia wastani wa wiki, usihukumu usiku mmoja. Kinachoharibu zaidi ni kulala mchana kufidia. Ukilazimika, lala dakika 20 tu, na iwe kabla ya saa tisa alasiri, basi.

*"Nikikaribia kusinzia nashtuka kama ninayeanguka."* Mshtuko huo ni wa kawaida na hauna madhara. Uchovu, kafeini na msongo huuongeza.

*"Naamka saa tisa usiku na sijanywa pombe."* Kuamka mara kadhaa ni sehemu ya usingizi. Anayelala vizuri huamka pia, akageuka na kusahau. Usiangalie saa, usipige hesabu ya saa zilizobaki. Ukiona mawazo yameanza maandamano, inuka kama hatua ya 8 inavyosema. Ikiwa unaamka alfajiri kila siku ukiwa na huzuni nzito na hakuna kinachokufurahisha, huo huenda ni sonona, na inatibika. Mwone mtaalamu.

*"Nalala kwa muda wa saa nane lakini naamka nimechoka, na wanaolala nami wanasema nakoroma hadi pumzi inakatika."* Acha mpango huu, nenda ukapimwe pumzi za usingizini. Na usimeze dawa ya kutuliza ukiwa na hali hiyo, inaweza kuizidisha.

*"Moyo unadunda, natetemeka, napungua uzito, na sioni kinachonitia wasiwasi."* Tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi hufanana kabisa na wasiwasi. Upungufu wa damu pia. Pima hivyo kwanza.

*"Naogopa kwenda mahali fulani, nikikaa nyumbani natulia."* Kutulia huko ndiko kunakoilisha hofu, kwa sababu amigdala haipati nafasi ya kujifunza kwamba pale mahali hapana hatari. Gawa safari vipande vidogo: leo hadi mlangoni, kesho hadi njiani, ukae pale hadi hofu ishuke yenyewe bila kukimbia. Hofu ikiwa kubwa, fanya hili pamoja na mtaalamu wa saikolojia.

*"Wiki nne zimepita, hakuna kilichobadilika."* Kama unakosa usingizi angalau siku 3 kwa wiki, na imefika miezi 3, hiyo ina jina la kitabibu na ina tiba. Beba daftari lako. Daktari akiona kurasa nne za saa zako za kulala, kahawa, dawa na alama za wasiwasi, ataanzia mbali sana kuliko ukimwambia tu "silali".

Usisubiri wiki nne ikiwa umepata degedege, maumivu ya kifua, au umeanza kuona mambo ambayo wengine hawayaoni. Na kama mawazo ya kujidhuru yanakujia, mwambie mtu aliye karibu nawe leo hii, kwa maneno ya wazi, na mwende pamoja hospitalini usiku huohuo.